Idhaa imezimwa, wasikilizaji hawajaagwa

JUMAMOSI ya Machi 15, 2025 iliikuta Bagamoyo katikati ya mfungo wa Ramadhani. Mwezi huo Mji Mkongwe hubadili saa zake. Mchana mitaa huwa kimya, na maisha huanza baada ya futari: majamvi hutandikwa barazani, kahawa na kashata hupita mkono kwa mkono, na redio huwekwa dirishani ili waliomo ndani na walioko nje wasikie pamoja.

Jioni hiyo aliyeitafuta Sauti ya Amerika (VOA) hakukuta taarifa ya habari ya Kiswahili. Kesho yake hakuikuta, wala keshokutwa.

Siku iliyotangulia, mjini Washington, Rais Donald Trump alikuwa ametia saini amri ya kulipunguza hadi kiwango cha chini kabisa shirika linaloisimamia VOA. Kulipokucha, wafanyakazi wapatao 1,300 wakaambiwa wakae nyumbani kwa likizo ya lazima. Idhaa ya Kiswahili, iliyokuwa hewani tangu 1962, ikakatika pamoja na Kihausa, Kisomali, Kiamhari na lugha nyingine nyingi. Watangazaji hawakupewa hata dakika moja ya kurudi kwenye maikrofoni kuwaaga watu waliozoea kuwasalimu kila siku.

Magazeti ya dunia yaliandika sana kuhusu wafanyakazi hao na kesi walizofungua. Wasikilizaji yaliwataja kwa jumla, kwa mamilioni, kama mtu anavyotaja magunia ya korosho ghalani. Makala haya yanawahusu wao, hasa wale wa mwambao huu wa kaskazini mwa Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Mapinga, kupita Kaole na Mlingotini, hadi Saadani na Pangani. Kwa miaka zaidi ya sitini walijenga kitu chao wenyewe ndani ya redio za watu wengine. Kitu hicho sasa kinazikwa bila matanga.

Jina, lakabu, mahali

Kijana aliyezaliwa simu ikiwa mkononi inafaa aelezwe mambo yalivyokuwa.

Kwa redio za hapa nchini ulinunua kadi ya salamu dukani au kwa wakala. Ukaijaza kwa kalamu: jina lako, lakabu yako, mahali ulipo, kisha majina ya unaowasalimu, na mwisho ujumbe mfupi. Ukaipeleka, ukangoja. Siku mtangazaji alipoisoma, mtaa mzima ulijua, hata wale waliokuwa kisimani.

Kwa idhaa za ng'ambo ilikuwa barua. Bahasha ya ndege yenye mistari ya buluu na nyekundu pembeni, stempu, na anwani ya London, Cologne, Washington au Beijing. Barua ilichukua majuma kufika, na majibu yalichukua majuma mengine. Yakirudi, yalirudi na kalenda, kibandiko, kalamu yenye nembo ya idhaa, au ile kadi nzuri ya kuthibitisha kwamba umeisikia stesheni siku fulani, saa fulani, katika mita fulani.

Wapenzi hasa walizijua mita hizo kama mvuvi anavyojua bamvua na maji mafu. Mita 19, mita 25, mita 31. Walijua kwamba mawimbi ya masafa mafupi hupanda hadi tabaka za juu za anga na kurudishwa chini mbali sana na mtambo, na kwamba mawimbi yaliyoshika vizuri mchana huenda yakapotea kukiingia usiku, mengine yakajitokeza mahali pake. Waliandika kwa uaminifu: leo imekoroma dakika tano za mwanzo, kisha imeshika.

Betri ndizo zilizowatia umaskini. Nyumbani kwetu mawe ya redio yalianikwa juani ukutani, yakageuzwa adhuhuri, ili yapate nguvu ya kumaliza japo taarifa ya habari ya jioni. Nyumba nyingi za pwani zitakumbuka hilo.

Ila habari ilikuwa sehemu tu ya kilichowakalisha pale. Baada ya habari zilikuja barua na salamu, na humo ndimo watu walimofahamiana. Msikilizaji wa Mlingotini alimjua mwenzake wa Bukoba, wa Kitale, wa Bukavu na wa Bujumbura, na hajawahi kuwaona kwa macho. Alijua lakabu zao, timu zao za mpira, misemo yao, nani ana mtoto aliyefaulu darasa la saba, nani amelazwa. Lakabu ilimvua mtu cheo na unyonge wake. Mvuvi asiyepewa nafasi ya kusema katika mkutano wa kijiji, hewani alikuwa mtu mwenye jina linalosubiriwa.



Msikilizaji akikaa kimya kwa majuma kadhaa, wenzake waliuliza hewani: yuko wapi, ni mzima? Na hapo ndipo vikazaliwa vilabu vya wasikilizaji na vyama vya wapenzi wa salamu, Tanzania na Kenya kote. Vilikuwa na daftari la wanachama, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Walichangiana katika misiba. Walipanda basi kwenda arusini kwa mtu waliyemjua kwa sauti ya mtangazaji tu. Wako waliooana. Wako waliozikwa na watu waliofika kutoka wilaya tatu, na ndugu wa marehemu wakabaki kuulizana hawa ni nani.

Nasisitiza haya kwa sababu yamedharauliwa mno. Wasomi wengi waliziona salamu kuwa kelele za kujaza muda. Mimi naona ni moja ya asasi kubwa za kiraia zilizowahi kujengwa na watu wa kawaida katika lugha hii, na ilijengwa kwa kadi za bei ya andazi.

Mashindano ya wakubwa

Redio zenyewe hazikuanzishwa kwa ajili ya mapenzi hayo.

Julai 1954 Misri ya Gamal Abdel Nasser ilianza kutangaza kwa Kiswahili kutoka Cairo, ikiwahimiza watu wa Afrika Mashariki wamkatae mkoloni. Sauti mojawapo ya studio hiyo ilikuwa ya Mzanzibari, Ahmed Rashad Ali. Uingereza iliona hatari. Juni 27, 1957 BBC nayo ikafungua idhaa ya Kiswahili, na taarifa yake ya kwanza ilisomwa na kijana wa Kitanganyika aliyekuwa akisomea sheria London, Oscar Kambona, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanganyika huru.

Baada ya hapo kila mkubwa alitaka kusikika. Moscow ikaingia. Beijing ilianza Septemba 1961, Washington 1962, Cologne Februari 1963. Vita Baridi viligawanywa kwa saa za jioni: ukizungusha kitufe kutoka upande mmoja hadi mwingine ulisikia dunia mbili zikigombana, zote kwa Kiswahili fasaha.

Hakuna aliyewauliza watu wa Kaole au Winde kama wanataka idhaa hizo. Lakini zilipofika walizipokea, wakachukua walichokitaka. Kiswahili chao kilikuwa mtaji. Idhaa zilihitaji watangazaji wenye lafudhi nzuri, na wasikilizaji wa pwani walikuwa wakali: mtangazaji akikosea upatanisho wa sarufi, barua za kumsahihisha zilimfuata mpaka Ulaya.

Ndani ya nchi redio ilikuwa imekwisha kuwa jambo la kikundi. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951. Jina la Radio Tanzania Dar es Salaam likaanza 1965. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima karibu milioni mbili katika vikundi vipatavyo 75,000 nchi nzima, wakasikiliza kipindi kimoja, wakajadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka majani. Radio Tanzania ilibeba pia sauti za vyama vya ukombozi vya kusini, na Bagamoyo yenyewe ilikuwa na shule ya sekondari ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, tangu 1970.

Miaka ishirini baada ya Mtu ni Afya, Julai 1993, mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulianza, na watu wakawa wanamjadili dereva wa lori Mkwaju kana kwamba anaishi mtaa wa pili.

Unguja ni ng'ambo ya maji tu kutoka hapa. Januari 12, 1964, mapinduzi yalipotokea, sauti ya John Okello, aliyeyaongoza, kutoka redio ya Zanzibar ilivuka mkondo na kutua kwenye mabaraza ya Bara kabla ya jahazi lolote. Kwa watu wa mwambao, tangu siku hiyo, kukaa bila redio kulionekana kama kukaa bila taa.

Kabla ya redio

Pwani hii ilijua kujuana na wageni muda mrefu kabla ya nyaya na betri. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma ya beni, alifuatilia jinsi vyama vya Marini na Arinoti vilivyotoka Lamu na Mombasa, vikashuka Tanga, Dar es Salaam na miji mingine ya mwambao, kisha vikapanda bara hadi Tabora, Ujiji na Unyasa. Vilikuwa na wafalme, majenerali na vyeo vya kinamama, na vilikuwa na matawi yaliyoandikiana barua. Mwanachama aliyesafiri alipokewa na tawi la mji aliofikia, akalishwa na kulazwa, hata kama hawajamwona maishani.

Beni ilififia baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Vijana wakaenda kwenye muziki wa dansi, vyama vya wafanyakazi na siasa.

Malenga nao walikuwa na ukumbi wao. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilikuwa na kurasa za mashairi ambamo mtu wa Tanga alimjibu mtu wa Lindi kwa vina vilevile, na wa Pangani akaingia kuamua. Shaaban Robert alipitia kurasa hizo kabla jina lake halijakuwa kubwa. Hata humo watunzi walipenda lakabu.

Kwa hiyo mpenzi wa salamu hakuzuka tu. Ana babu zake. Nao babu zake karibu wote waliondoka bila mtu kuandika siku waliyoachana, na ndiyo sababu leo tunawajua kupitia mafaili ya maofisa wa kikoloni waliowatilia shaka kuliko kupitia maneno yao wenyewe.



Mtambo mmoja baada ya mwingine

Sauti ya Amerika si ya kwanza kunyamaza, na haikuwa peke yake kupungua.

Kituo cha BBC kilichokuwa Ushelisheli, kilichojengwa mwaka 1988 kurusha masafa mafupi kuelekea Afrika Mashariki, kilifungwa 2014. Mwaka uliofuata, mwisho wa Machi 2015, Sauti ya Ujerumani ilizima kituo chake cha Kigali kilichokuwa kikifanya kazi tangu 1965. Mitambo hiyo ilikula umeme mwingi, vipuri vyake vilikuwa adimu, na wenye nayo walihesabu kwamba wasikilizaji wamehamia FM na simu.

Walikuwa na hoja. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 redio binafsi zilimwagika nchini, na idhaa za ng'ambo zikawa zinapita kwenye FM za washirika. Sauti ilikuwa safi, haikoromi. Kilichopungua ni sanduku la barua. Kituo cha FM kilikuwa na salamu zake za mji wake, na kipindi cha London au cha Bonn, ilikohamia Sauti ya Ujerumani, kilibaki nusu saa ya habari iliyobanwa kati ya matangazo ya biashara. Mpenzi wa Bagamoyo na mpenzi wa Bukavu wakaacha kusikia mtangazaji mmoja kwa wakati mmoja.

Januari 27, 2023 redio ya Kiarabu ya BBC ilifungwa baada ya miaka 85. Katika nyumba za Waswahili wa Muscat na Unguja wako wazee waliokua wakiisikiliza. Hao walau waliagwa: mtangazaji alikuja hewani, akasema hii ndiyo mara ya mwisho, akawashukuru.

Machi 2025 hata hilo halikutokea. Jaji Royce Lamberth aliamuru Aprili 22 kwamba VOA irejeshwe. Mei 3 mahakama ya rufaa ikasimamisha sehemu kubwa ya amri hiyo. Juni 20 wafanyakazi 639 wa VOA na shirika mama lake walipewa barua za kuachishwa kazi. Wasikilizaji waliofuatilia walifuatilia kesi ya watu wengine. Wao hawakuwa upande wowote mahakamani.

Wanaosema acheni ziende

Wako wanaosema hakuna cha kulilia, na hoja zao si nyepesi.

Ya kwanza ni kwamba redio hizo zilikuwa mali ya serikali za watu, zilizoanzishwa kwa maslahi ya watu hao. Nchi iliyojitawala tangu 1961, wanauliza, kwa nini isubiri Washington iiambie kilichotokea Dodoma? Msimamo huu umewahi kuingia katika sheria. Agosti 2020 kanuni za utangazaji zilirekebishwa hapa nchini, kituo cha ndani kikatakiwa kupata kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano kabla ya kurusha vipindi vya washirika wa nje. Burundi ilikwenda mbali zaidi: ilizisimamisha BBC na VOA Mei 2018, kuelekea kura ya maoni ya katiba, na mwaka uliofuata ikaendeleza marufuku.

Ya pili ni ya vijana. Wanasema jamaa zao wa hewani wako kwenye simu: makundi ya WhatsApp, kurasa za mashabiki wa Simba na Yanga, wapenzi wa msanii fulani wa bongofleva. Humo wana lakabu, wanachangiana misiba, wanatembeleana. Kwa nini tuwalilie waliotumia kadi?

Ya tatu inatoka kwa waliowahi kufanya kazi studioni. Idhaa yenye hadhira inayozeeka, wanasema, haiwezi kuomba bajeti milele kwa sababu ya mapenzi ya wazee.

Hoja ya kwanza naikubali nusu. Ni kweli idhaa zilikuwa za wakubwa, na zimezimwa kwa namna ileile zilivyowashwa, bila kuulizwa mtu wa huku. Lakini urafiki uliofumwa humo haukuwa wa Marekani wala wa Ujerumani. Ulikuwa wa watu wa Zinga, Makurunge, Kitale na Uvira. Mwenye nyumba akiibomoa nyumba yake, wapangaji bado wana haki ya kutoa vyombo vyao.

Hoja ya vijana nayo ina ukweli mwingi, na nimefurahi kuona tabia ya kuchangiana imehamia kwenye simu. Ila kundi la simu lina mlango, na anayeingia huingizwa na anayemjua. Salamu ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye redio, hata ya kuazima. Bibi asiyejua kusoma alikuwa mwenzao kamili, kwa sababu mjukuu alijaza kadi na masikio alikuwa nayo mwenyewe.

Simu inapokatika

Upo pia upande usiohusu mapenzi.

Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, mashariki mwa Kongo. Katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Hiyo ni miji ya Kiswahili. Watu waliokimbia wakiwa na redio ndogo na simu zisizo na chaji walihitaji kujua barabara ipi iko salama na mpaka upi uko wazi. Mwezi mmoja tu baadaye Sauti ya Amerika ikanyamaza. Radio Okapi, iliyoanzishwa 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Hirondelle, ilibaki ikitangaza kwa Kiswahili na lugha nyingine za Kongo, lakini msikilizaji aliyezoea kulinganisha vituo vitatu kabla ya kuamini jambo sasa ana viwili au kimoja.

Kulinganisha huko ilikuwa elimu. Wazee wa baraza hawakuiamini idhaa yoyote peke yake. Walisikia ya London, wakasikia ya Cologne, wakasikia ya Dar es Salaam, kisha wakakaa kuamua nani ameficha nini. Mtu aliyelelewa katika mijadala hiyo hadanganyiki kirahisi na ujumbe uliotumwa mara nyingi.

Na intaneti nayo si ya kuegemewa kwa mgongo wote. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu chini ya bahari, Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Benki, ofisi na simu za watu zikasuasua. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatika nchini na ikabaki hivyo kwa siku kadhaa. Katika siku kama hizo ndipo mtu huingia stoo kuitafuta redio ya zamani, akapuliza vumbi, akatia betri mpya, akazungusha kitufe kwenye masafa ambayo mengi yake sasa hayana mtu.



Baharini tofauti kati ya masafa mafupi na njia nyingine ni kubwa zaidi. Ukiondoka Bagamoyo kwa ngalawa kuelekea kaskazini, FM za Dar es Salaam hupungua nguvu kadiri unavyosonga. Mtandao wa simu nao huja na kwenda. Masafa mafupi hayakujali mambo hayo. Yalimfikia mvuvi wa Saadani vilevile yalivyomfikia karani wa Kariakoo, na pengine yalimfikia vizuri zaidi, maana kwake hakuna majengo wala mitambo ya kuyavuruga.

Ziko chini ya vitanda

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika.

Historia ya idhaa hizi itaandikwa, na imeanza kuandikwa. Itaandikwa kutoka kwenye hifadhi za wenye redio: maandishi ya BBC yako Caversham, Uingereza, yamepangwa kwa namba, Washington na Bonn wana mafaili yao. Hapo mtafiti atakuta bajeti, ripoti za usikivu, na barua chache za wasikilizaji zilizobahatika kutunzwa.

Upande wa pili wa mazungumzo hayo uko kwetu. Uko ndani ya masanduku ya bati, chini ya vitanda, juu ya dari: nakala za kadi, daftari za vilabu zenye majina na lakabu, kalenda za mwaka 1988, picha za mikutano, kanda za kaseti ambazo mtu alirekodi siku barua yake iliposomwa. Unyevu wa bahari hugandisha utepe wa kaseti. Mchwa hawachagui karatasi. Na mwenye sanduku akifa, vijana wanaosafisha chumba hawajui walichokishika.

Naona Bagamoyo ndiyo mahali pa kuanzia, na nina sababu. Mji huu una TaSUBa, chuo kilichoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, chenye ukumbi, mafundi wa sauti na wanafunzi waliofundishwa kurekodi. Una Tamasha la Sanaa na Utamaduni linalowaleta watu kila mwaka kutoka ndani na nje ya nchi. Uko mwendo wa saa mbili hivi kutoka Dar es Salaam, ambako TBC ina maktaba ya kanda za Radio Tanzania, Chuo Kikuu kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina wataalamu wa kutunza karatasi.

Siku moja ya tamasha itengwe. Watangazaji wastaafu wa idhaa za ng'ambo, na wako wengi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, waalikwe wakae jukwaani na kadi mkononi. Wazisome hizo kadi kwa utaratibu uleule, jina, lakabu na mahali, na mwenye jina akiwepo asimame aonekane. Kwa wengi itakuwa mara ya kwanza kuonana. Walio Kongo, Burundi na Kenya wanaweza kusikilizishwa kupitia redio za jamii zilizopo huko. Waliotangulia mbele ya haki wasomewe majina yao pia, kisha wasomewe dua na sala kwa dini zao.

Hilo si gharama kubwa. Meza mbili za kunakili karatasi, mashine ya kuhamisha kanda, wanafunzi wa TaSUBa na wa TATAKI kwa siku tatu, na mahali pakavu pa kuweka kitakacholetwa. Balozi za Marekani na Ujerumani, pamoja na BBC, zina wajibu wa kuchangia, na zaidi ya fedha zinadaiwa nakala za barua zetu zilizoko kwao. Bahasha zile zilipelekwa na watu wa huku kwa stempu walizonunua wenyewe.

Kabla ya siku hiyo kufika kuna kazi ya nyumbani. Mwenye kadi, daftari au kaseti asiviunganishe kwa gundi wala kuvifunga ndani ya mfuko wa plastiki, maana plastiki hufungia unyevu. Bahasha ya karatasi au boksi kavu mbali na sakafu yatosha. Nyuma ya kila picha aandike kwa penseli, polepole asiikwaruze: majina halisi ya waliomo, lakabu zao, walikuwa wanakaa wapi, na ilipigwa mwaka gani. Asiyekumbuka jina aandike lakabu. Lakabu moja iliyoandikwa Kaole inaweza kutambuliwa na mtu wa Kitale.